Uzi maalumu: Tredimili ya chini ya meza, ukitaka ya kudumu soma hapa kabla hujatoa hela

Fundi Mota (mtoa mada)

Wakuu, habari za wakati huu.

Tangu watu wengi waanze kufanyia kazi nyumbani, naletewa swali lilelile kwa sura tofauti: "Nakaa kwenye kiti kutwa nzima, mgongo unaniuma, nataka tredimili ya kuingiza chini ya meza nitembee huku napiga kazi. Ninunue ipi itakayodumu?" Nimeona nilijibu hapa mara moja, mwenye shida apate pa kusoma na wajuzi wengine waongezee.

Kazi yangu ni kutengeneza mashine za jimu hapa Dar. Zile kubwa za kukimbilia huletwa zikiwa zimeshakula miaka. Hizi ndogo za chini ya meza naletewa rimoti ikiwa bado na nailoni yake. Inaniuma, maana mwenye nayo amejinyima kuinunua, na mara nyingi tatizo lilikuwepo tangu siku aliyoichagua.

Kitu cha kwanza mkishike: kutembea polepole ni kazi nzito kwa mashine. Wengi wanadhani kwa kuwa hawakimbii, basi mashine yoyote itafaa. Anayekimbia, mguu wake unagusa mkanda kidogo tu, halafu yuko hewani. Anayetembea ana mguu mmoja juu ya mkanda muda wote, na kuna wakati ana yote miwili. Uzito wake wote unaukandamiza mkanda kwenye ubao wa chini, msuguano unakuwa mkubwa, na mota inatakiwa iuvute huku inazunguka taratibu. Sasa mota nyingi za kaboni (zile zenye vipande vya kaboni vinavyosugua ndani kupitisha umeme) hupozwa na feni ndogo iliyofungwa kwenye shafti yake yenyewe. Mota ikizunguka taratibu, feni nayo taratibu. Umeme unaovutwa ni mwingi, upepo wa kupoza ni haba. Joto linapanda, linaanza kula kaboni, linakuja kwenye bodi inayogawa umeme, siku moja unasikia harufu na mashine imezima.

Kwa hiyo ukiulizia mashine, achana kwanza na swali la kasi ya juu. Kwenye meza utatembea kilomita 1.5 hadi 3 kwa saa, na hiyo 3 ni ya kwenye mkutano, si ya kuandika. Mashine inayojisifu kufika 10 haikuongezei kitu. Uliza inaweza kutembea mfululizo kwa muda gani bila kupumzishwa. Fungua kitabu chake, vitabu vingi vya hizi ndogo vinataja muda huo. Kama wameandika saa moja na wewe unataka nne, usitegemee muujiza. Kuna kampuni kama LifeSpan ya Marekani wanaozipanga tredimili zao za mezani kwa saa za matumizi kwa siku, na mimi naona huo ndio uungwana wa biashara: mnunuzi anajua analipia nini.

La pili ni HP, yaani nguvu ya mota kwa kipimo cha farasi. Hapa ndipo watu wanapopigwa. Tangazo linasema 2.5 HP. HP moja ni wati 746, kwa hiyo 2.5 ni wati 1,865. Pindua mashine usome kibandiko cha chini au cha nyuma karibu na waya. Utakuta wati 500. Mashine haiwezi kutoa nguvu kuliko umeme inaokula. Hizo wati 500, hata zingetoka zote bila kupotea hata moja, hazifiki HP 0.7. Ile 2.5 ni nguvu ya kilele ambayo mota inaweza kuitoa kwa muda mfupi sana kabla haijaumia. Tunayoitaka sisi ni nguvu ya kudumu, na kibandiko ndicho kinachokuambia ukweli. Muuzaji wa mtandaoni mwombe picha ya kibandiko. Akikataa, nenda kwa mwingine.

Sisemi wati 500 ni mbovu. Mtu wa kilo 60 anayetembea kwa vipande vya nusu saa atakaa nayo vizuri. Mtu wa kilo 95 mwenye zamu ya saa nane anaiua.

Nitaendelea kadiri maswali yanavyokuja.

Mama Nadia

Asante fundi kwa kujitolea. Mimi nina kilo 92, nafanya kazi ya huduma kwa wateja kwa simu, nakaa ghorofa ya tatu Sinza na jirani wa chini ana mtoto mchanga. Nimeona moja imeandikwa inabeba kilo 100. Itanifaa? Na kelele je?

Fundi Mota

Dada, hiyo usiichukue. Ile namba ya kilo ni ukomo, na ukiwa kilo 92 kwenye ukomo wa 100 utakuwa unaifanyisha kazi ya mwisho wa uwezo wake kila siku. Mimi huwaambia wateja waache nafasi ya kilo 30 hivi. Kwa hiyo wewe tafuta ya 120 kwenda juu, na uipime kwa uzito wake yenyewe pia. Ukomo wa kilo 120 kwenye mashine unayoinyanyua kwa mkono mmoja, mimi siuamini. Chuma, rola nene (zile nguzo za mviringo zinazozungusha mkanda) na ubao mnene vina uzito.

Kelele ziko za aina mbili. Ya kwanza ni mlio wa mota, na huo unapungua sana ukipata mota isiyo na kaboni. Mafundi tunaipenda kwa sababu hakuna kaboni za kulika wala vumbi lake jeusi, na inavumilia mwendo wa taratibu vizuri zaidi. Ina bei, lakini kwa mtu wa simu kama wewe inalipa, maana mteja hasikii ngurumo nyuma yako. Kelele ya pili ni ya nyayo, na hiyo ndiyo inayomfikia jirani. Tandika mkeka mnene wa raba chini ya mashine nzima, na vaa raba zenye soli laini. Mkeka unasaidia pia mashine isihame kwenye vigae.

Mrefu wa Moshi

Niongezee kitu ambacho wauzaji hawakisemi: meza. Nina sentimita 185. Nilipopima kiwiko changu nikiwa nimesimama na viatu nilipata 116. Ubao wa mashine niliyokuwa naitaka uko sentimita 13 juu ya sakafu. Kwa hiyo meza yangu inatakiwa ifike 129. Meza nyingi za kupanda na kushuka nilizozikuta madukani zinaishia 120 au pungufu. Ukinunua mashine kwanza ndipo ukumbuke meza, utakuwa unaandika umeinama na mgongo uliotaka kuuponya ndio unaumia.

Mimi nilimpa seremala vipimo, akanitengenezea meza ya mninga ya urefu mmoja, nene, miguu imefungwa na mbao za kukingama. Haitikisiki. Kiti kirefu nakiweka kando nikichoka kutembea.

Fundi Mota

Mkuu umemaliza. Kuna watu wananiletea mashine nzima, shida yao ni meza. Fomula ichukueni: kiwiko ukiwa umesimama na viatu, jumlisha kimo cha ubao wa mashine.

Tukiwa kwenye vipimo: upana wa mkanda usipungue sentimita 40, na mtu mrefu atafute 45. Ukiwa unasoma kwenye skrini huangalii miguu, unayumba kushoto na kulia bila kujua, na ukikanyaga ukingo wa plastiki kila mara unaupasua. Urefu wa mkanda sentimita 100 unatosha kwa mwendo wa kazini, 110 au 120 kwa mwenye miguu mirefu.

Kijana wa Tabata

Samahani wakuu, kwani si mtu utoke tu nje utembee bure? Hela yote hiyo kwa mashine ya kutembea.

Daktari Mstaafu

Kijana, mwenye nafasi ya kutoka atoke. Hakuna anayepinga. Lakini tunaongelea zile saa saba au nane ambazo mtu kafungwa na kazi yake.

Ushahidi wa madhara ya kukaa ni wa zamani. Mwaka 1953 Jerry Morris na wenzake walichapisha utafiti wa wafanyakazi wa mabasi ya London. Madereva waliokaa kutwa walikuwa na maradhi ya moyo mengi kuliko makondakta waliokuwa wakipanda na kushuka ngazi za mabasi ya ghorofa. Basi ni lilelile, kampuni ileile. Baadaye daktari mtafiti James Levine, akiwa hospitali ya Mayo Clinic kule Rochester, Minnesota, Marekani, akawapima watu wanene 15 wakifanya kazi kwenye meza yenye tredimili. Matokeo yalitoka mwaka 2007: wakiwa wamekaa walitumia kilokalori 72 kwa saa, wakitembea taratibu sana, chini ya kilomita 2 kwa saa, walitumia 191.

Ila niseme na upande wa pili, maana nawajali mnaotoa hela zenu. Mwendo huo wa kazini ni wa taratibu. Shirika la Afya Duniani kwenye mwongozo wake wa 2020 linataka mtu mzima apate dakika 150 hadi 300 kwa wiki za mazoezi ya kiasi, yaani yanayokufanya upumue haraka kidogo. Kutembea huku unaandika barua pepe hakutoshi kuchukua nafasi ya hayo. Jioni bado utoke. Na mwenye tatizo la usawa wa mwili, kizunguzungu, au ganzi miguuni kutokana na kisukari, amwone daktari wake kabla ya kupanda mkanda unaojiendesha.

Kijana wa Tabata

Shukrani mzee wangu, nimeelewa.

Binti Pemba

Salaam alaikum. Mimi niko Minneapolis, Marekani, na bahati nzuri huku mashine hizi ziko nyingi, watu wanaziuza karibu mpya kwa bei ya kutupa. Kaka yangu yuko Unguja anafanya kazi za kompyuta, nataka nimtumie moja ndani ya kontena. Kuna shida?

Fundi Mota

Waalaikum salaam dada. Shida ipo na ni kubwa: umeme wa huko ni volti 120, wa huku 230. Ukiichomeka moja kwa moja bodi inakwenda palepale. Angalia kibandiko. Kikiandika 100 hadi 240 umeokoka, lakini kwa mashine zenye mota kama hizi ni nadra. Kikiandika 120 tu, kaka atahitaji transfoma ya kushusha umeme, na asinunue ya kubahatisha. Mashine ya wati 700 ipate transfoma ya wati 1,500, kwa sababu mota inapoanza kuvuta inakula zaidi ya wastani wake. Transfoma ya ukubwa huo ni nzito na nayo ina gharama. Ukijumlisha na usafiri, pengine umtumie hela anunue ya 230 hukuhuku.

Na kwa watu wa Unguja, Pemba, Tanga na sisi wa Dar tulio karibu na maji: hewa ya chumvi inakula rola na beringi. Usiiweke kwenye baraza wala dirisha linaloelekea bahari. Rola ikianza kutu inakwaruza mkanda kwa ndani.

Mlipa Luku

Swali la wananchi: inakula uniti ngapi?

Fundi Mota

Piga hesabu hivi. Ukitembea kawaida, mashine ya ukubwa wa kati inavuta kama wati 300. Kwa saa tatu ni uniti 0.9. Siku 22 za kazi ni karibu uniti 20 kwa mwezi. Hela yenyewe si ya kutisha, lakini kama uko kwenye D1, ile ya matumizi madogo yenye ukomo wa uniti 75 kwa mwezi, angalia zisije uniti 20 hizo zikakutoa. Ukitoka humo bei ya kila uniti inapanda zaidi ya mara mbili, na utalipia hivyo hata friji na taa.

Umeme wenyewe sasa. Unajua unavyokatika na kurudi. Ukikatika chomoa, subiri utulie ndipo urudishe. Weka stabilaiza ya uwezo wa kutosha. Usiichomeke kwenye UPS ya kompyuta, haikutengenezwa kwa mota. Na zile ekstensheni nyembamba ndefu ziacheni: waya mwembamba unapunguza volti, mota inavuta zaidi kufidia, na joto linaishia kwenye plagi. Ikiwezekana ichomekwe ukutani moja kwa moja kupitia stabilaiza.

Jamal wa Ilala

Fundi, kuna jamaa anauza iliyotumika, anasema ametumia kidogo tu. Nitaijuaje?

Fundi Mota

Usisikilize alivyotumia, isikilize mashine. Ikiwa haijawashwa, sukuma mkanda kwa mkono. Uende laini bila kukwaruza, na rola zisilie. Halafu ingiza vidole chini ya mkanda katikati, pale nyayo zinapotua, ufike kadiri unavyoweza, kisha utoe uvitazame. Vikitoka na utelezi mwepesi wa mafuta, mwenyewe alikuwa anaitunza. Vikitoka vikavu, au na unga mweusi, ujue imetembezwa kavu, na ubao huenda umeshalika. Papase na ubao: ukihisi bonde pale katikati, hiyo inahitaji ubao mpya na mkanda mpya.

Iwashe, iweke kwenye mwendo wa chini kabisa, kilomita 1, panda wewe mwenyewe na utembee kwa kukanyaga kwa kisigino. Mkanda ukisita kila unapotua mguu, kuna kitu: ama umelegea, ama umekauka, ama mota imechoka. Kaa juu yake dakika ishirini nzima, asikuharakishe. Ushuke unuse pale mbele ilipo mota. Harufu ya kuungua, mshukuru uondoke. Kama unaye fundi mwenye klampu mita, kile kipimo cha umeme kinachobana waya, nenda naye, apime ampea ukiwa juu. Mkanda mkavu unajionyesha hapohapo, ampea zinakuwa juu kuliko inavyostahili.

Na uulize spea. Mkanda na beringi vinapatikana Kariakoo au vinaagizwa kwa vipimo, hivyo havinipi hofu. Bodi ndiyo mtihani. Mashine isiyo na jina, bodi yake ikifa, naweza kutafuta hadi nikachoka. Kwa sababu hii nawashauri hata wa mpya: chukua chapa ambayo mtu mwingine amewahi kuagizia bodi.

Nyumba Ndogo Kinondoni

Mimi chumba kimoja na sebule. Zile za kujikunja katikati kama WalkingPad mnazionaje? Nafasi ndiyo tatizo langu.

Fundi Mota

Kwa nafasi zinasaidia kweli, unaikunja unaisimamisha nyuma ya mlango. Ila kila bawaba ni sehemu moja zaidi ya kuangaliwa. Kama unaikunja kila siku, hakikisha inafunguka na kukaa sawa kabisa kabla hujapanda, na futa mchanga kwenye kiungio. Kama una nafasi ya mita moja na nusu, mimi ningechagua ya kipande kimoja yenye magurudumu, naisukumia chini ya kitanda.

Na mtu yeyote mwenye watoto anisikilize. Mkanda unaingia chini kwa nyuma, na mkono wa mtoto unaweza kuvutwa humo. Mwaka 2021 Peloton ya Marekani waliziondoa sokoni tredimili zao za Tread+ baada ya mtoto kufariki na wengine kuumia. Hizo ni kubwa kuliko zetu, lakini namna ya hatari ni hiyohiyo. Ukimaliza chomoa waya, rimoti weka juu ya kabati. Nyuma ya mashine acha nafasi ya mita mbili wazi, usiegemeze kwenye ukuta, ili ukianguka usibanwe katikati.

Mama Nadia

Fundi, na matunzo? Mafuta gani na mara ngapi?

Fundi Mota

Mafuta ya silikoni tupu. Si mafuta ya cherehani, si ya injini, si ya kupikia. Nimezikuta zote hizo, zinauvimbisha mkanda na kukusanya vumbi. Unaunyanyua mkanda ukingoni, unamimina mstari mwembamba kwenye ubao kulia na kushoto, unautembeza mtupu kwa mwendo wa chini dakika chache. Kwa mtu anayetembea saa mbili tatu kila siku, kagua kwa vidole kila mwezi, na ukikuta pakavu weka. Usisubiri kitabu kikuambie, maana kitabu hakijui vumbi la mtaani kwako. Vumbi likiingia chini ya mkanda linasaga ubao kama msasa. Fagia na upige deki chini ya mashine mara kwa mara, na kila baada ya miezi michache ondoa kifuniko cha mota ikiwa imechomolewa, upanguse vumbi kwa brashi laini.

Mkanda ukihamia upande mmoja, kuna bolti mbili nyuma, kushoto na kulia. Ukihamia kulia, kaza ya kulia robo mzunguko tu kwa ile spana ya L iliyokuja nayo, uache utembee kidogo, uangalie. Usikaze kwa hasira. Mkanda uliokazwa kupita kiasi unaua beringi za rola na mota kwa pamoja.

Mrefu wa Moshi

Kwa wanaoanza: wiki ya kwanza tumieni kwenye mikutano na kusoma tu. Kuandika kunakuja baadaye, na kazi ya kipanya kama kuchora ramani mimi bado nakaa chini.

Jamal wa Ilala

Wakuu, mrejesho. Ile iliyotumika nimeiacha, vidole vilitoka vyeusi. Nimepata dukani mpya, muuzaji kanitumia kibandiko: volti 220 hadi 240, wati 735, mkanda 42 kwa 110, ukomo kilo 120, mota haina kaboni. Mimi nina kilo 81, nataka saa tatu kwa siku. Dukani wameandika 3 HP.

Fundi Mota

Wati 735 ni farasi mmoja wa kipimo cha metriki, kwa hiyo hiyo 3 yao isahau. Lakini kwa kilo zako na saa zako iko sawa, chukua. Kabla hujalipa wakuandikie kwenye risiti mambo mawili: waranti ya mota na ya bodi ni ya muda gani, maana mara nyingi huwa tofauti, na kama inakubali matumizi ya kazi ukiwa nyumbani. Gawa saa tatu zako ziwe vipande vitatu, mota ipoe katikati. Chupa ya silikoni iwe kwenye boksi, kama haimo waongeze. Ukiifungua, kagua mafuta kwa vidole hata kama ni mpya, halafu uje utuambie umekuta nini.